Mkoko Unaliwa na Kutu? Faiba Ipo, Lakini...

Haya vijana wenzangu, wiki hii tuongee habari za mikoko. Sisemei ile inayoshuka melini inang'aa, hapana. Nasemea ile ya zamani, aliyoacha baba au babu, ambayo ukibamiza mlango inadondosha unga wa kahawia chini. Hiyo ndiyo yenye stori.

Tanga yetu ina sifa yake, waja leo waondoka leo. Lakini kutu ikija haiondoki ng'o! Ukiishi Raskazone au Chumbageni unanielewa. Upepo wa bahari unaleta chumvi usiku na mchana, chumvi inavuta unyevu, unyevu unajificha ndani ya mikunjo ya bati pasipofika kitambaa. Gari la Dodoma la umri uleule utalikuta na bati lake zima, la kwetu limetoboka kama kifumbu cha kukamulia nazi.

Mimi ninalo Peugeot 504, urithi wa marehemu baba. Wazee wanalijua gari hilo. Lilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Injini ya la kwetu mpaka leo inanguruma safi, shida ilikuwa bodi. Madigadi ya mbele kulia ilibaki jina tu. Kaka zangu walishawaita watu wa chuma chakavu waje na mizani yao. Mama akakataa. Alisema ndilo linalompeleka kliniki Bombo kila mwezi. Sababu ya pili hakuitaja, lakini wote pale ukumbini tuliijua. Kikao kikanipa muda: mpaka Idi gari liwe na sura ya gari, la sivyo mizani inarudi.

Nikatafuta madigadi kuukuu mjini. Niliyoletewa nayo ilikuwa imeanza kuliwa, na bei yake si mchezo. Ndipo nikakumbuka kwamba huku pwani tuna kitu kisichojua kutu kabisa. Nenda pale Deep Sea samaki wanaposhushwa, utaona boti za faiba zinakaa majini mwaka mzima. Kama faiba inaishi ndani ya chumvi, itashindwaje juu ya tairi?

Usidhani hili ni jambo la kihuni. Wamarekani walitoa Chevrolet Corvette mwaka 1953, bodi yote faiba, wakaunda magari 300 mwaka huo kwa kazi ya mikono. Wajerumani Mashariki wakatengeneza Trabant, bodi yake mabaki ya pamba yaliyoshindiliwa na resini. Na viwanda vya magari vya Ujerumani vimewahi kuweka mkonge ndani ya paneli za milango. Mkonge huu huu, ambao Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani! Siri ni moja: nyuzi zinatia nguvu, gundi inazishika. Kwenye faiba nyuzi ni za kioo, na gundi ni resini.

Kwa hiyo sikwenda gereji. Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa boti. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza shida. Akacheka. "Mwanangu," akasema, "boti na gari ni ndugu, ila gari lina haraka. Njoo kesho asubuhi, uje na subira yako." Kwa wiki tatu nikawa mwanafunzi wake, kisha nikahamishia kazi uani kwetu.

Sasa sikiliza inavyokwenda. Kwanza unahitaji umbo. Ile madigadi yangu iliyooza sikuitupa, kwani kinachotakiwa hapo ni sura yake tu. Nikaiziba matundu kwa bodi fila, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini. Na kwa kuwa mkoko ni wangu, nikaiongeza kijitumbo kidogo juu ya tairi ili ionekane imekaa kibabe. Nikaipaka nta mara tano, nikiisugua kila mara. Ukibania nta, utavunja kila kitu siku ya kutenganisha.

Juu ya umbo hilo unajenga kalibu, nayo ni faiba vilevile, ila nene, kama mara mbili ya kitu utakachokitoa ndani yake. Unaanza na jeli koti, ule utando laini wa juu, kisha tabaka za mati, yaani ule mkeka wa nyuzi za kioo. Kila tabaka unalilowesha resini kwa brashi na kuliviringisha kwa rola ili hewa itoke. Povu dogo ukiliacha ndani, litapasuka jua likiwaka. Kalibu ikikauka unaitoa, unaisafisha, unaipaka nta upya, kisha unarudia kazi ileile upande wa ndani. Madigadi yangu ilikula tabaka tatu, unene wa milimita tatu hivi, na nyuma nikaweka mbavu za mbao zilizofunikwa mati ili isicheze. Nikaiacha ndani ya kalibu siku mbili nzima. Kuitoa ni kabari za mbao, maji kidogo, na nyundo ya mpira. Ikitoka unasikia "pwaa!" Raha yake, usipime.

Resini haikauki yenyewe, inataka hadena. Kwa kilo moja ya resini ni gramu 10 mpaka 20 tu. Joto la Tanga linaharakisha mambo, kwa hiyo mimi nilikaa upande wa 10, nikafanya kazi alfajiri na kuchanganya kidogo kidogo. Ukichanganya ndoo nzima saa saba mchana itaganda mikononi mwako, itachemka, itatoa moshi. Wakati wa masika acha kabisa, unyevu unaharibu kazi.

Jamani, hapa tusitaniane. Hadena ikiruka jichoni inaweza kukupofua. Vaa miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikikupata, mwagia maji robo saa au zaidi, kisha kimbilia hospitali. Mvuke wa resini unalevya na unaumiza mapafu. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii kitu, tafuta barakoa yenye chujio la mkaa. Asitoni ya kusafishia brashi inashika moto haraka, kwa hiyo siku hizo jiko la mkaa la uani lilihamishwa, na wadogo zangu wakafukuzwa. Ukipiga msasa, lile vumbi la kioo linawasha kama upupu. Funika ngozi, na ukimaliza oga kwa maji ya baridi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mafundi wengi wanalisahau. Faiba haipitishi umeme. Taa ya pembeni iliyokuwa inapata ethi kupitia bati haitawaka tena mpaka uivutie waya wake kwenye chuma.

Basi madigadi ikafungwa kwa bolti na washa pana, ikakaa kama ya kiwandani. Watoto wa mtaa wakaja kugonga gonga kwa vidole. Hapo ndipo nikashikwa na tamaa. Chini ya mguu wa dereva sakafu nayo ilikuwa imeoza, na kizingiti cha mlango vilevile. Fundi mmoja wa gereji, jina nalihifadhi, akanipa ushauri: "Paka mati tatu, piga rangi nyeusi, nani atajua?" Rahisi kweli, na vifaa nilikuwa navyo.

Nikampelekea swali yule mzee wa boti. Hakucheka safari hii. Akaniambia madigadi ya 504 ni nguo, inafungwa kwa bolti, ukiitoa gari linatembea. Sakafu na vizingiti ni mifupa. Gari lile halina fremu ya pembeni, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Na faiba uliyoibandika juu ya kutu haijashika chuma, imeshika kutu, na kutu inaendelea kula chini yake bila mtu kuona. Siku ya kugongwa, kizingiti hicho kitakunjika kama boksi.

Mama alikuwa akisikiliza toka barazani. Akauliza neno moja tu: "Sasa hapo utakuwa umeziba au umefunika?"

Nilinyamaza. Ni yeye anayekaa kiti cha mbele akienda Bombo. Nikauza redio yangu na spika zake mbili, nikamlipa mchomeleaji akate chuma kilichooza mpaka kwenye chuma kizima, aweke bati jipya. Kazi hiyo haionekani kabisa ukilitazama gari. Hakuna mtoto aliyekuja kuigonga gonga. Idi ilipofika, kaka zangu walilisifia kijitumbo cha madigadi, hakuna aliyeinama kutazama chini.

Kwa hiyo washikaji, faiba ni bomba. Bampa, madigadi, boneti, skati za pembeni, jifunzeni mtengeneze wenyewe, ujuzi umejaa ufukweni kwenye maboti. Lakini faiba inafunika, haibebi. Na ukienda kununua mkoko wa zamani unaowaka rangi, nenda na sumaku mfukoni. Iguse madigadi, isiponata usijali sana. Kisha inua zulia uiguse sakafu, uguse na vizingiti. Hapo isiponata, mrudishie mwenyewe ufunguo wake, mwage kwa heshima, upande zako daladala.

Tukutane wiki ijayo, Inshallah.