Mgeni wa Lugha Yake

Atokaye bara kwenda Siyu, kisiwani Pate, kwanza hufunzwa subira na bahari. Mashua hungoja maji yajae, kwani mkono wa bahari uelekeao mjini hukauka yakitoka. Harufu ya tope la mikoko humfikia kabla hajaiona ngome ya mawe ukingoni.

Ngome hiyo humkumbusha Bwana Mataka, aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840, na mkewe Mwana Kupona, ambaye utendi wake wa mwaka 1858 mgeni huyu aliusoma darasani. Vichochoroni punda hulia, na kuta za kale hurudisha mwangwi katika mji uliosifika kwa mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu.

Hata hivyo, kinachotaabika zaidi ni sikio. Mtoto humwambia, "Ndoo!" naye hutazama huku na huko akitafuta chombo cha kutekea maji, kumbe aitwa. Njia ni ndia, macho ni mato. Maneno aliyoyadhania kuwa mabaki ya tenzi, hapa ni ya kuulizia bei ya samaki. Wenyeji humwelewa, yeye ndiye asiyewaelewa.

Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, lakini Kisiu hakikunyamaza. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siyu apatae kupona ni mgeni: huponywa dhana kwamba lugha huishia ilipoishia kamusi.