Nilivyomtafutia Subira mchumba Usa River

Msomaji wangu, umeshawahi kumtafutia mtu mchumba? Basi mimi, mtoto wa Kinondoni, Februari nilitumwa kazi hiyo hadi Usa River, mkoani Arusha. Na bibi harusi mwenyewe ni ng'ombe! Usicheke, ngoja nikupe mkanda mzima.

Nilipanda basi alfajiri stendi ya Mbezi, na baada ya kupita Moshi nikashuka Usa River nikiwa na shati jepesi la Dar. Baridi ya Mlima Meru ikanikaribisha kabla ya shangazi.

Shangazi ana mtamba mmoja, Friesian mweusi mwenye mabaka meupe, jina lake Subira. Anataka kumpeleka maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Themi pale Njiro. Hata mwezi wa kumpandisha alikuwa ameupigia hesabu.

"Ng'ombe anabeba mimba siku 280 hivi," aliniambia. "Ningempandisha Novemba, Nane Nane ingemkuta leba."

Lakini alikuwa na hofu nyingine. Dada yake Subira alikufa mwaka juzi kwenye uzao wake wa kwanza. Ndama alikuwa mkubwa kuliko njia. Shangazi alikesha naye na karabai hadi kunakucha, akabaki na banda tupu na huyu mdogo.

Sasa, Usa River ndiko kiliko Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC. Madume ya pale yanatunzwa kama mabosi, ila wake zao hawawaoni! Mbegu zinakingwa kwa uke wa bandia, zinapimwa kwa hadubini, halafu zinatiwa kwenye mirija myembamba kama ule wa wino wa kalamu. Dume mmoja kwa mkupuo mmoja anaweza kutoa mamia ya mirija. Inahifadhiwa ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Dume anaweza kufa leo na akaendelea kuitwa baba miaka mingi.

Bwana Mifugo alikuja na orodha ya madume. Mimi, mjuaji, nikamdonoa mmoja mwenye mwili kama kontena.

"Huyu hapa! Nane Nane watatukoma!"

Bwana Mifugo akanitazama. "Kijana, dume wa maziwa hatazamwi mwili. Tazama binti zake: maziwa yao, kiwele kimeshikana vipi, miguu imenyooka? Na mtamba anatafutiwa dume ambaye ndama wake huzaliwa wadogo." Kisha akamgeukia shangazi. "Mama, baba yake Subira ni nani?"

Shangazi akaingia ndani, akatoka na daftari lililochakaa. Akasoma jina na namba. Bwana Mifugo akashusha kidole kwenye orodha, akacheka mpaka akashika kiuno.

Jamani, kontena langu ndiye baba mzazi wa Subira! Nusura nimwoze binti kwa baba yake. Niliona haya, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Tukamchagua Friesian mwingine, wa ukoo tofauti, mwili wa wastani, anayesifika kwa uzazi mwepesi. Shangazi akalipia mirija miwili, mmoja wa akiba kama wa kwanza hautashika.

Siku ya tatu asubuhi Subira aliamka analia ovyo, hali majani, ute unaning'inia mweupe kama wa yai. Joto la asubuhi, mpandishe jioni. Ndiyo sheria yao. Jioni Bwana Mifugo akauyeyusha mrija kwenye maji ya uvuguvugu, akavaa glovu hadi begani, na kabla sijamaliza kushangaa kazi ikawa imekwisha. Harusi bila hata soda!

Nilirudi mjini nahesabu siku 21. Zilipopita nikampigia simu shangazi.

"Hajarudia joto," akasema.

Nikapiga kelele ndani ya daladala, abiria wakageuka.

"Punguza shangwe, baba," akanituliza. "Bado Bwana Mifugo hajampima. Na mimi nitashangilia siku nikimwona amezaa, halafu amesimama mwenyewe."

Novemba nimeshaomba ruhusa nyumbani. Safari hii nabeba sweta, na karabai nitashika mimi.