Mlima Elgon Ulipokuwa na Barafu

Jina la Eldoret, kama inavyoelezwa na wengi, limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe. Mto wenyewe ni Sosiani, upitao katikati ya mji ule ambao wazee waliuita Sisibo, yaani shamba nambari 64, na ambao mwaka 2024 ulipandishwa cheo kuwa jiji. Aliyetoa jina hilo alikuwa na macho mazuri, kwa maana habari ya Eldoret ni habari ya mawe kabla ya kuwa habari ya watu.

Jiwe la Uasin Gishu ni jeusi lenye kijivu, gumu, na watu hulipasua kwa kujengea. Wataalamu wa miamba huliita fonolaiti, maana yake jiwe lenye sauti, kwa kuwa bamba lake jembamba likigongwa kwa nyundo hulia kama kengele. Jiwe hili lilikuwa uji wa moto uliotoka ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, ukatandaa juu ya nchi, ukajaza mabonde, kisha ukapoa. Ndiyo sababu mkulima wa ngano na mahindi wa Uasin Gishu anayo nchi ya tambarare iliyo juu sana, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari.

Lakini moto ni nusu tu ya habari hii. Nusu ya pili ni baridi. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama mahali palipoinuka huko Eldoret akitazama kaskazini-magharibi ataona Mlima Elgon umelala kama ng'ombe aliyeshiba, mpana na wenye mgongo mrefu. Urefu wake ni mita 4,321, nao ni mkongwe kuliko Mlima Kenya na Kilimanjaro. Leo hauna barafu hata kidogo. Theluji ikianguka usiku, jua la mchana huimaliza. Hata hivyo, yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati dunia nzima ilipokuwa na baridi kali, mlima huu ulivaa barafu kichwani, na barafu hiyo ikateremka mabondeni polepole kama uji mzito.

Msomaji atauliza, ni nani aliyeiona? Hapana aliyeandika habari zake, lakini barafu yenyewe iliacha maandishi. Kila mkulima amekwisha kuona kazi ya mto: mto huchagua mzigo wake, mawe makubwa huyaacha mahali pamoja, changarawe mahali pengine, na mchanga mbali zaidi. Barafu haichagui. Hubeba jiwe kubwa kama nyumba pamoja na vumbi, na inapoyeyuka huviacha vyote katika tuta moja bila mpango. Tena huchimba bonde likawa na umbo la bakuli, na kuukwaruza mwamba kwa mistari iliyonyooka. Alama za namna hii zimeonekana juu ya Elgon. Wataalamu wamechunguza pia matope ya ziwa dogo la huko juu liitwalo Kimilili. Kila mwaka upepo huangusha chavua za mimea majini, zikazikwa safu juu ya safu. Kwa hiyo mwenye kuyatoboa matope hayo huyasoma kama karani asomavyo daftari la zamani, akajua ni majani gani na miti gani iliyoota zamani za baridi na zamani za joto.

Atakaye kuiona barafu iliyo hai, na asafiri mpaka Mlima Kenya. Mwaka 1893 J. W. Gregory, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, alipanda sehemu za juu za mlima ule akatambua kwamba zamani barafu ilishuka chini sana kuliko alivyoikuta. Mwaka 1899 Halford Mackinder na wenzake wawili walifika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199. Tangu siku hizo barafu iitwayo Lewis imepimwa mara nyingi kuliko nyingine yo yote katika nchi za joto. Ilipimwa mwaka 1934, tena na msafara wa mwaka 1957 na 1958, na baadaye kwa miaka mingi mfululizo. Hesabu yake inasikitisha: kati ya mwaka 1934 na 2010 Lewis ilipoteza sehemu 90 katika kila 100 za ujazo wake. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilionya kwamba barafu zilizobaki katika Afrika huenda zikatoweka zote kabla ya mwaka 2050.

Huko juu hata udongo una desturi zake. Usiku maji yaliyo ardhini huganda yakawa sindano nyembamba za barafu zinazoinua vumbi na vijiwe. Mchana huyeyuka, na vijiwe vikaanguka kando. Jambo hili likirudiwa usiku baada ya usiku, mawe hujipanga kwa mistari juu ya mteremko, utadhani yamepangwa na mtu.

Lakini katika nchi za kaskazini ya mbali udongo hauyeyuki kila mchana kama huku. Ziko sehemu za Siberia, Alaska na Kanada ambazo ardhi yake hubaki imeganda mwaka hata mwaka. Jua la kiangazi huilainisha juu juu tu. Katika mji wa Yakutsk mtumishi mmoja wa kampuni ya biashara, jina lake Shergin, alitaka kisima cha maji. Alianza kuchimba mwaka 1828 akaendelea mpaka 1837, akafika kina cha mita 116, naye hakupata maji, kwa sababu chini kote ardhi ilikuwa imeganda. Kisima hicho kilichokosa maji kikawa na faida ya namna nyingine, kwani miaka michache baadaye mtaalamu Middendorff alipima baridi ndani yake, na elimu ya ardhi iliyoganda ikapata msingi. Leo wataalamu wanaipima ardhi hiyo kwa hofu, kwa sababu ina mabaki mengi sana ya mimea ya kale. Ikiyeyuka, mabaki hayo huoza na kutoa hewa inayozidisha joto la dunia nzima, pamoja na la Uasin Gishu.

Je, habari hii inamhusu nini mkulima wa Moiben au karani wa Eldoret? Inamhusu kwa ajili ya maji. Wako wasemao kwamba barafu ya milima ikiisha, mito yote itakauka. Mlima Elgon unatoa ushahidi mwingine. Umekaa bila barafu kwa zaidi ya miaka 10,000, na hata leo mto Suam unatoka ndani ya shimo lake kuu ukaenda kuwa Turkwel, na maji yake mengine yanaingia mto Nzoia mpaka ziwa la Victoria. Maji ya bwawa la Chebara, yanayonywewa Eldoret, yanatoka vilima vya Cherangani ambavyo havina barafu. Mito hii hulishwa na mvua. Na mwenye kuiweka mvua akaitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi ni msitu, pamoja na majani na udongo mzito wa nyika za juu.

Basi barafu ya Mlima Kenya hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu, na ni haki kuihuzunikia. Lakini msitu si barafu. Hautoweki kwa joto la dunia peke yake, bali kwa shoka, kwa moto na kwa jembe linalopanda mteremko mwaka baada ya mwaka. Mwenye shamba chini ya Elgon au Cherangani anayeuacha mti wa kando ya mto usimame anafanya kazi ambayo barafu haikupata kuifanya kwa ajili yetu. Mlima ulipoteza barafu yake na mito haikufa. Ukipoteza na msitu wake, sijui tutamwomba nani maji.