Nani Atamshika Mtoto?

Mimi ni mzee wa Katuba, mjini Lubumbashi. Niliacha kazi ya mgodi mwaka 2003, na tangu siku hiyo kiti changu kiko chini ya mwembe. Ninawaandikia habari ya nyumba yangu, nayo hainipi sifa nyingi.

Binti yetu wa mwisho alirudi kwetu mwaka 2019, akiwa na miaka 24. Mume wake alikuwa amekwenda Kolwezi kuchimba madini. Miezi ya kwanza alituma feza kwa simu, kisha akatuma kidogo, kisha simu yake haikuitika tena. Binti akaja na mtoto wa kiume wa miaka sita, na msichana mdogo anayenyonya. Shule aliiacha darasa la nne la sekondari, kwa sababu ya mimba ya kwanza.

Siku alipotuambia kwamba anataka kujifunza kushona, nilimjibu vibaya. Nilisema: "Ulipewa wakati wako wa shule, ukautupa. Sasa lea watoto." Hakujibu kitu. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji.

Mama yake ndiye aliyefanya hesabu. Mwezi wa Septemba mwaka ule, serikali ilianza kufuta ada katika shule za msingi za serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na makanisa. Feza tuliyoiweka kwa njia ya likelemba, ili kulipa minervale ya mjukuu, ikabaki mkononi. "Basi hiyo ndiyo ada ya kushona," mke wangu akasema. Sikupata la kujibu.

Akaandikishwa katika kituo kimoja, katika komine ya Kenya iliyo jirani na yetu. Siku ya kwanza alikwenda na mtoto mgongoni. Siku ya pili mwalimu alimwambia asije naye tena, maana ndani kuna pasi za makala, makasi na sindano. Hilo ni kweli, simlaumu. Lakini hakuna aliyemwambia amwache wapi. Mama yake anauza makala sokoni, na chakula chetu kinatoka katika makala hayo. Mtoto alikuwa na miezi minane. Uji alikula kidogo, ziwa hakutaka kuliacha.

Jioni ile mke wangu aliniuliza neno moja tu: "Tata, saa nne asubuhi mikono yako inafanya kazi gani?"

Kesho yake nilimchukua mjukuu mikononi, nikaanza safari. Ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu yangu. Nilipofika nusu ya njia mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, na mtoto analia. Vijana wanaokunywa pombe kwenye kona walinicheka wazi, wakaniita mama mzee. Nikageuka nirudi. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate pale njiani akaniita: "Tata, lete mtoto." Akaomba kikwembe kwa jirani yake, akamfunga mtoto mgongoni mwangu, akanionyesha jinsi ya kukaza fundo juu ya kifua. Nilifanya kazi miaka mingi kati ya mashini kubwa, wala sikujua kufunga fundo hilo. Mtoto alilala kabla hatujapita soko.

Binti yangu alitoka wakati wa mapumziko, akatukuta langoni. Alimtazama mtoto, akatazama kikwembe, akanitazama mimi. Akakaa chini kunyonyesha bila kusema neno. Nami nikaangalia upande mwingine, kama mlinzi wa lango.

Tuliendelea hivyo, siku tano kila juma. Mvua zilipoanza nilijificha chini ya bati la duka. Ndipo nilipojua mambo ya pale. Katika kundi la binti yangu wanawake wawili wenye watoto wadogo walikuwa wamekwisha kuacha. Ada walikuwa nayo, na akili pia. Walikosa mtu wa kubaki na mtoto.

Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inampa mama mwenye kazi majuma 14 ya mapumziko ya uzazi. Tena akirudi kazini ana haki ya kupumzika mara mbili kwa siku, kila mara nusu saa, ili anyonyeshe, na saa hiyo analipwa. Sheria njema. Lakini nusu saa inamfaa nini mama ambaye mtoto wake yuko mbali dakika 40? Na binti yangu hakuwa na mkataba wa kazi. Alikuwa mwanafunzi anayelipa ada.

Mama yangu mzazi alisoma kushona katika fuaye sosiali, zamani za Wabelgiji. Alinisimulia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mgongoni mwake. Kweli, fuaye zile zilitaka kumfanya mwanamke kuwa mke mwema wa mfanyakazi, si kumpa mshahara wake. Lakini mtoto hakufukuzwa. Siku hizi tunagawa mashini za kushona, tunapiga picha, tunapiga makofi, na mkeka wa mtoto tunausahau.

Nililisema jambo hili katika shirika letu. Kwanza walikaa kimya, na mmoja akauliza kwa nini tuwasaidie wanawake waliojitakia taabu. Sikumkasirikia. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Mwishowe mjane mmoja anayekaa karibu na kituo alisema: "Uwanja wangu uko wazi." Tukatandika mikeka miwili. Wabibi wawili wakapokezana, nami wa tatu. Kila mama alitoa franka 500 kwa siku, na asiyekuwa nazo alileta uji au makala. Tulipokea watoto wanne. Mmoja wao akapata homa kali. Mama yake akakaa naye nyumbani majuma matatu, akaona haya kurudi. Nilikwenda kumwita mara mbili, sikumpata.

Mwezi wa Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya korona. Binti yangu alikuwa hajapata cheti. Akakodi mashini, akashona barakoa, na feza ile ndiyo ya kwanza aliyoipata kwa kazi yake. Cheti kilichelewa, lakini kilikuja. Leo anashona mavazi ya shule mbele ya nyumba yetu, na mwezi wa Agosti hatulali kwa kelele ya mashini. Mume wake hajarudi. Likelemba ameingia mwenyewe, kwa jina lake.

Amepokea msichana wa kumfundisha kazi, naye ana mtoto wa miezi mitano. Kikwembe kile cha njiani nilikirudisha, nikanunuliwa changu. Niishie hapa, maana saa nne imekaribia na mtoto amekwisha kuamka.