Mume Hustaafu, Mke Je?

Ndugu msomaji, mtumishi wa serikali akitimiza miaka 60 hupewa barua na mkono wa kwaheri, akarejea nyumbani kupumzika. Hayo ni ya mume. Mkewe, aliyeamka kabla ya alfajiri miaka yote hiyo akateleka chai, barua yake huandikwa na nani? Mume huhamia barazani, na mke huzidishiwa kazi, kwani sasa yupo mtu wa kutaka chakula saa nne na saa saba.

Nilipostaafu, mama watoto alinambia: "Bwana, na mimi nataka safari; lakini isiwe ya arusi wala ya msiba." Nikatafakari, nikaona kweli: safari zake zote tangu nimuoe zilikuwa za kwenda kupika kwa watu. Akaongeza kuwa anataka kwenda kwa baiskeli, kama alivyokuwa akipanda utotoni.

Majirani walicheka. Mtu mzima mwenye wajukuu! Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, wala hishima yake haikupungua.

Ziko nchi ambazo reli zilizokufa zimegeuzwa njia za baiskeli. Huko Otago, New Zealand, njia ya namna hiyo, yapata kilomita 150, ilifunguliwa mwaka 2000, na wazee wastaafu huifuata kwa siku kadhaa. Reli yetu ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, haikufa. Basi tuliifanya itubebe sisi na baiskeli zetu kutoka Dar es Salaam hadi Makambako, na kutoka hapo tukashika barabara ya lami ya kwenda Njombe, ambako reli haifiki.

Ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Kijana huumaliza kwa siku moja. Sisi tuliugawa kwa siku tatu. Nchi ile ni ya juu, na baridi yake si ya kusimuliwa: mwezi wa saba mtu wa pwani huvaa kila alichonacho na bado meno yakagongana. Mama watoto alivaa suruali ndani ya baibui, na sweta mbili juu yake. Wenyeji, Wabena, walitupokea kwa "Kamwene!" na viazi vya kuchemsha vikitoka moshi.

Nilimtanguliza yeye mbele. Anayefuata nyuma humuona mwenziwe akichoka. Anayetangulia haoni ila njia. Na kila tulipofika mlimani tulishuka, tukasukuma baiskeli na kuzungumza.

Katika mlima mmoja siku ya pili, ndipo aliponieleza habari za bangili zake za dhahabu. Alikuwa haonekani nazo kwa miaka mingi. Kumbe aliziuza mwaka ule nilipohamishiwa bara na mshahara ukachelewa, akalipa ada ya mtoto wetu mkubwa, asinitie wasiwasi nikiwa mbali. Nikamuuliza, "Mbona hukunambia?" Akajibu, "Ulikuwa hukai, Bwana. Ulikuwa ukija, unakula, unalala, unaondoka."

Tulifika Njombe siku ya tatu, tukakaa kitambo kuyatazama maporomoko ya mto Ruhuji. Hakuteleka chai siku hiyo. Niliinunua mimi mkahawani na kumletea mkononi.

Basi, ndugu mstaafu, si lazima uende Njombe, wala si lazima upande baiskeli. Lakini kiinua mgongo chako kimechumwa na wawili. Kabla hujakigawa kwa bati na saruji, mtolee mwenzio fungu la kupumzika, akiwa angali ana nguvu za kulifaidi. Kisha nenda kwa mwendo wake, na umsikilize. Huenda yapo mambo ya nyumba yako ambayo yamengoja miaka 30 kupata wasaa wa kusemwa.