Wachumba wa Lancaster

Jalada lilikuwa karibu lile lile: msichana mwenye kofia nyeupe, shamba nyuma yake, na kwa mbali ghala au kigari cha farasi. Ukikiona kitabu hicho mezani kwa mtu ulijua ni hadithi ya Waamish, na ulijua mwisho wake ni harusi. Hilo halikutuzuia kugombea zamu ya kukisoma.

Kwetu Shirati, mkoani Mara, vitabu hivyo vilikuja ndani ya makatoni ya wageni wa misheni. Wala si ajabu. Wamenonaiti wa kwanza walifika kwetu mwaka 1934 kutoka Lancaster, Pennsylvania, na huko huko ndiko waliko Waamish wengi, ndugu zao wa imani tangu kabla Jakob Ammann, aliyewapa Waamish jina lao, hajajitenga na wenzake mwaka 1693. Kwa hiyo ile kofia ya kwenye jalada tuliijua. Tuliiona utotoni vichwani mwa wamisionari wa kike, imebanwa kwa pini, wakipita hospitalini na harufu ya sabuni na dawa ikiwafuata.

Cha kwanza kunifikia kilikuwa The Shunning, yaani “Kutengwa”, cha Beverly Lewis, kilichotoka mwaka 1997. Kilikuwa kimepita mikono mingi. Kurasa zilinuka mafuta ya taa na dagaa, maana aliyekisoma kabla yangu alikuwa na biashara mwaloni na alikisoma huku akisubiri mitumbwi. Humo Katie Lapp anakuta darini gauni la satini la mtoto mchanga, na kuanzia hapo amani inaondoka nyumbani. Nilikisoma kwa chemli hadi kioo kikawa cheusi.

Mama hakujua Kiingereza. Jioni, akipepeta mtama, nilimsimulia kwa Kijaluo, sura baada ya sura, naye akazama mzima mzima. "Kwani huyo binti hana shangazi?" aliuliza. Kwake, mchumba asiye na shangazi wa kumsemea alikuwa ameshapoteza kesi. Habari za kutengwa hazikumshangaza hata kidogo. Alikuwa ameona watu wakizuiwa Meza ya Bwana, na alijua uzito wa kukaa benchi la nyuma wenzako wakishiriki. Katie alipokataliwa na watu wake, Mama alinyamaza, kisha akaniambia nisiendelee mpaka kesho.

Lakini kilichomfurahisha kuliko vyote ni seleri. Kwa desturi ya Waamish wa Lancaster, harusi hufungwa baada ya mavuno, sana sana Novemba, Jumanne au Alhamisi, na uchumba hufichwa mpaka utangazwe kanisani. Sasa, seleri huliwa kwa wingi siku ya harusi. Mwenye binti akipanda nyingi kuliko kawaida, majirani wote wameshajua. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Kumbe na wao hawana siri!" Tangu hapo, jirani akionekana na sufuria kubwa mpya, Mama alinikonyeza: "Seleri hiyo."

Na mapenzi yenyewe yalikuwa ya polepole, ndugu yangu. Kijana akimshika binti mkono ashuke kigarini, ukurasa mzima unapita. Akitaka kusema anampenda, anakuja kutengeneza uzio wa baba mkwe. Shoga zangu waliofundishwa kusoma vitabu vizito walisema hiyo ni sukari tupu, na tena wengi wa waandishi wa hadithi hizo si Waamish. Hilo la pili ni kweli. Ila Lewis alizaliwa Lancaster, na bibi yake mzaa mama aliiacha jamii ya Wamenonaiti wa mila za kale. Jeraha la kutengwa hakuliokota njiani. Nami niliyaamini mapenzi yale kwa sababu ndivyo baba yangu alivyompenda mama yangu: kwa kuni zilizokatwa na maji yaliyotekwa kabla hajaamka.

Siku hizi umeme upo, na binti zangu wanasoma hadithi hizo kwenye simu, kila mmoja kwenye kona yake. Wanazimaliza upesi na hawagombei zamu na mtu. Wale tuliopokezana vitabu tumetawanyika Mwanza, Dar es Salaam na makaburini. Huko Lancaster nako ardhi imekuwa ghali, na vijana wengi wa Kiamish sasa wanashinda kwenye karakana za mbao badala ya shambani. Dunia haikai. Lakini inaniuma kwamba hakuna tena anayeuliza habari za shangazi.

Kwa hiyo nina ombi moja. Kama nyumbani kwako yupo mzee ambaye macho yamechoka, au lugha ya kitabu haijui, chukua kimoja umsimulie jioni. Usiruke ile sehemu ya seleri.