Mzee wa Hoboken

Tangu tarehe 1 Januari 2022, kila kilichochapishwa Marekani mwaka 1926 ni mali ya umma. Kwa vijana wanaotengeneza filamu fupi kwa pesa za kuungaunga, hiyo si habari ndogo. Hadithi ya Richard Bruce Nugent, "Smoke, Lilies and Jade", iliyotoka New York Novemba mwaka huo, sasa anaweza kuichukua yeyote mwenye kamera ya kukodi na marafiki wawili watatu wa kuigiza. Haombi kibali kwa warithi, halipi hata senti. Sishangai wakiikimbilia. Wajuzi wengi wa fasihi huihesabu kuwa ya kwanza kuchapishwa na Mmarekani Mweusi ikasema bila kuficha kwamba mwanamume anaweza kumpenda mwanamume mwenzake.

Mimi nimezeeka na filamu za namna hii. Zilipoanza kutoka nilikuwa London, kijana wa pwani mwenye kazi ya usiku na kiu ya sinema za bei nafuu. Nina neno moja kwa wanaozitengeneza leo, na kama ilivyo kawaida ya wazee, nitalifikia kwa kuzunguka.

Jarida lililoibeba hadithi hiyo liliitwa FIRE!!, yaani "Moto", na lilikuwa kazi ya vijana watupu wa Harlem. Mhariri wake, Wallace Thurman, alikuwa na miaka 24. Nugent alikuwa na 20. Zora Neale Hurston alikuwa na 35, ila alikuwa amejipunguzia kumi. Aaron Douglas alichora jalada, na nakala ikauzwa dola moja, bei ambayo haikuwa ya mtu wa kawaida. Likatoka toleo moja, basi. Deni la uchapaji likamwandama Thurman kwa miaka, na nakala nyingi zilizowekwa kwenye chumba cha chini ya nyumba zikateketea kwa moto. Ukiliweka tukio hilo kwenye riwaya, msomaji atasema umezidisha chumvi. Inasimuliwa pia kwamba Thurman na Nugent walirusha sarafu kuamua nani aandike juu ya kahaba na nani aandike juu ya mapenzi ya wanaume. Nugent akaangukiwa na la pili, akatia sahihi "Richard Bruce" tu, ili jina la ukoo lisiwaaibishe wazazi.

Wazee wa wakati huo hawakufurahi. Walikuwa wanapigania heshima ya watu wao mbele ya Wazungu waliotafuta kila sababu ya kuwadharau, wakaona watoto wanaanika nguo za ndani barazani. Nawaelewa kuliko vijana wanavyotaka niwaelewe. Lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo hata kwa wazee. Alain Locke, msomi aliyekuwa kama mlezi wa vuguvugu lote la waandishi na wasanii Weusi wa Harlem, naye aliwapenda wanaume, ila alijua kupanga maneno mbele za watu. Ndiye aliyemchapisha Nugent mwaka 1925 katika The New Negro, kwa kisa kifupi kiitwacho "Sahdji", kuhusu kijana anayemuua chifu ili rafiki yake kipenzi apate mwanamke anayemtaka. Afrika ya humo ni ya kubuni, na sisi wenyeji tunaruhusiwa kutabasamu. Mwaka 1931 kisa hicho kikageuzwa baleti kwa muziki wa William Grant Still. Kwa hiyo kazi za Nugent zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa kwenye sanaa nyingine zamani sana, kabla hajawaza yeyote kuzipeleka kwenye sinema.

Ndani ya "Smoke, Lilies and Jade" hakuna kikubwa kinachotokea. Alex, kijana msanii, kajilaza kitandani anavuta sigara kwa kishikio cha pembe ya ndovu chenye nakshi ya vijiwe vyekundu na vya kijani. Anajua anapaswa kufanya kazi, na hafanyi. Anakumbuka kifo cha babake. Saa kumi alfajiri, barabarani, kijana mmoja anamwomba kiberiti kwa Kispanyola. Wanaongozana bila maneno mengi, na Alex anampa jina la Beauty. Yupo pia Melva, msichana, naye anampenda. Ndotoni anatambaa kwa magoti katikati ya maua meusi na mekundu, akitafuta kitu. Kisha kisa kinakatika, na msomaji anaahidiwa kwamba kitaendelea. Hakikuendelea.

Ugumu wa kuiweka hadithi hii kwenye skrini hautoki kwenye mapenzi. Unatoka kwenye nukta. Nugent aliiandika yote kwa vipande vilivyotengwa na nukta tatu tatu, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayevuta na kupuliza moshi kabla ya kila wazo. Mwongozaji mwenye haraka huziona kuwa mapengo ya kuzibwa. Anatia mazungumzo, anamtungia Beauty kazi na kwao, anatandika jazi chini ya kila tukio. Dakika kumi na tano zinakwisha, ukumbi unapiga makofi, na Nugent hayumo.

Aliyezifahamu nukta zile ni mwongozaji Isaac Julien. Looking for Langston, ya mwaka 1989, ni filamu ya kama dakika arobaini na tano, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa na Nina Kellgren na kutengenezwa na Sankofa, kikundi cha vijana Weusi wa London. Inaanza kwa matanga. Maiti aliyelala jenezani ni Julien mwenyewe. Chini ya chumba cha msiba kuna kilabu, na wanaume waliovaa suti nyeusi za jioni wamesimama kimya katikati ya dansi, mikono kiunoni mwa wenzao, kamera ikipita polepole mbele yao. Hawasemi, hawachezi. Nukta ndizo hizo. Humo wamo pia Alex na Beauty, wamehama Harlem ya 1926 na kuingia kwenye ndoto ya mtu wa London. Na tazama alichobadilisha Julien: Beauty wa Nugent ana ngozi nyeupe na ulimi wa Kispanyola, ilhali Beauty wa Julien ni Mweusi. Mwaka huohuo Marlon Riggs alikuwa anatoa Tongues Untied kule Marekani, filamu inayotangaza kwamba wanaume Weusi kupendana wao kwa wao ni mapinduzi. Julien aliazima kitanda cha 1926 akalaza juu yake swali la 1989. Huo ndio uhamishaji ninaouheshimu. Anayefuata kila koma bila kuwa na swali lake huishia kutengeneza maonyesho ya mavazi ya kale.

Warithi wa Langston Hughes, mshairi anayetafutwa na filamu ya Julien, hawakupendezwa nayo. Katika tamasha la filamu la New York mwaka huo, yalipofika mashairi yake, sauti ilishushwa ukumbini kwa sababu ya haki miliki. Watu walikaa wakitazama picha bubu za mshairi wao. Hadi leo wasomi wanabishana Hughes alimpenda nani. Yeye alifariki 1967 bila kutamka. Nugent alitamka akiwa na miaka ishirini, na pengine ndiyo sababu shule nyingi zilifundisha kazi za Hughes na hazikumjua Nugent.

Sasa nifike nilikokuwa nikienda.

Kwa kawaida hadithi hutoka kwa babu kwenda kwa baba, kisha kwa mtoto. Hapa mkondo ulikatika katikati. Joseph Beam, aliyehariri mkusanyiko wa In the Life mwaka 1986 na kumpa Nugent nafasi humo, alifariki 1988, miaka 33. Riggs alifariki 1994, miaka 37. Essex Hemphill, ambaye mashairi yake yamejaa kwenye filamu za Julien na Riggs zote mbili, alifariki 1995, miaka 38. UKIMWI uliwafagia waliotakiwa leo kuwa wajomba. Nugent, mzee aliyezaliwa 1906, alizikwa 1987, na wajukuu waliokwenda kumtafuta wakamfuata haraka hivyo. Ukimuuliza mwongozaji wa leo wa miaka 25 alimjuaje Nugent, atakutajia filamu. Hatakutajia mtu, kwa kuwa mtu hayupo.

Huku kwetu mkondo ni mwingine, lakini njaa ni ileile. Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na wenzake wa Nairobi, 2014, ni filamu fupi tano, nazo nyeusi na nyeupe, zilizotungwa kutokana na simulizi za watu waliohojiwa, kwani hapakuwa na jarida la 1926 la kuchota. Kenya ikaipiga marufuku. Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018, ilitoka kwenye hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyotunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2007; nayo ikafungiwa, hadi Mahakama Kuu ilipoiruhusu kwa siku saba. Siku saba! Na kumbi za Nairobi zikajaa. Sitaki kuzilinganisha Harlem na Nairobi kana kwamba ni mtaa mmoja. Nasema tu kwamba hizi nazo zimetegemea mtu aliyekubali kusimulia.

Ndiyo maana nina ugomvi na vijana. Kila filamu fupi inayotoka kwa Nugent inataka kijana wa kitandani, sigara, mwili unaong'aa, alfajiri ya bluu. Hakuna anayemtaka Nugent mwingine. Yupo Nugent aliyechora kuta za nyumba ya Thurman, nambari 267 West 136th Street, aliyezunguka bila tai wala soksi. Yupo aliyepanda jukwaani katika Porgy mwaka 1927. Yupo aliyemwoa Grace Marr mwaka 1952 wakabaki mume na mke mpaka mkewe alipofariki 1969, ndoa ambayo wengi hawajui wailaze upande gani, na mimi ningeilaza palepale ilipokuwa. Na yupo mzee wa Hoboken, New Jersey. Thurman alikufa 1934, wengine wakafuata mmoja mmoja, yeye akabaki na vichekesho vyao, madeni yao na majina ya wapenzi wao kichwani, akimsimulia kila mgeni aliyebisha hodi. Mmoja wa wageni hao, Thomas Wirth, alilichapisha FIRE!! upya mwaka 1982. Nugent alikuwa hai kuliona, miaka 56 baadaye.

Rodney Evans alimgusa mzee huyo katika filamu yake Brother to Brother, 2004, akamkabidhi mwigizaji Roger Robinson, na uso wa Robinson ndio uliobaki kichwani mwangu. Wale vijana wenye kofia wa Harlem wamekwisha kufutika. Lakini ile ni filamu ndefu, na nusu yake inarudi mbio kwenye ujana. Ningependa kuona dakika kumi na mbili za mzee peke yake: chumba, kiti, kinasa sauti cha mgeni mezani, na nukta tatu kila anapotafuta jina la mtu. Haigharimu mavazi ya 1926 wala magari ya kukodi. Mtafuteni mwigizaji wa miaka themanini. Wapo, na wengi wao hawajapigiwa simu ya kazi siku nyingi.